Mchanga Mfukoni, Mkwaruzo Kiooni

Kijana aliyeniletea simu Jumatatu ile ni fundi ujenzi. Nilijua kabla hajasema, maana alipoitoa mfukoni ilitoka na chenga za mchanga zikatawanyika juu ya meza yangu.

"Fundi, nisaidie. Imeanguka kutoka kwenye godoro tu, na godoro lenyewe liko chini. Kioo kimekwenda chote. Inawezekanaje?"

Nikamwambia akae. Nikapuliza vumbi, nikafuta kioo, nikawasha taa ya mezani na kuilaza simu hadi mwanga ukapita kwa ubavu badala ya kushuka wima. Ukiangalia kioo kwa mbele unaona picha yako. Ukikiangalia kwa mwanga wa ubavuni unaona maisha yake yote. Kulikuwa na mikwaruzo mingi kama nywele, imeelekea kila upande, na katikati ya hiyo ulikuwepo mmoja mrefu karibu na kona ya chini kulia, wa aina ile ambayo ukipitisha ukucha unakwama. Nyufa zote zilikuwa zimetawanyika kutoka hapo, kama mizizi inavyotoka kwenye shina.

Godoro halikuwa na kosa. Kioo kile kilianza kuvunjika siku mkwaruzo ule ulipoingia, na kilikuwa kinasubiri sababu.

Nina meza ya ufundi simu jirani na Soko la Majengo, Dodoma, huu ni mwaka wa nane. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: niweke protekta au nisiweke? Wengine wanasema simu za siku hizi kioo chake ni kigumu, hakihitaji kitu. Wengine wana protekta mbili, moja juu ya nyingine. Mimi ninalo jibu, lakini haliwezi kueleweka mpaka tujue kwanza ni nini hasa kinachokwaruza kioo, kwa sababu wateja wangu karibu wote wanamshtaki mtu asiye na hatia. Wanashtaki funguo.

Nilikuwa na simu moja ya daraja la kati iliyokufa bodi, kioo chake kizima, cha Gorilla, aina ya kioo kilichoimarishwa cha simu. Mwenyewe aliniachia. Siku moja jioni wateja wamepungua, nikaamua kuitumia kujua ukweli kwa macho yangu. Nikachukua ufunguo wa kufuli nikaukandamiza na kuuburuta kuanzia juu hadi chini. Ukaacha mstari wa kijivu ulioelekea umanjano, na kijana wangu anayejifunza kazi akashika kichwa. Nikatia spiriti kidogo kwenye kitambaa, nikafuta. Mstari ukatoka. Haukuwa mkwaruzo, ulikuwa ni ufunguo wenyewe uliolika na kuacha madini yake juu ya kioo, kama chaki inavyolika ubaoni. Nikajaribu sarafu, ikawa vilevile. Nikachukua kisu cha jikoni, nikakisukuma kwa ncha, na kwenye mwanga wa ubavu sikuona kitu.

Kisha nikaokota kijiwe cheupe barabarani, kile kinachong'aa ukikivunja. Nikakipitisha mara moja, bila nguvu. Tulisikia sauti kabla ya kuona: krrr. Kitambaa na spiriti havikufanya kitu. Ulikuwa ni mfereji.

Sababu yake ilipangwa vizuri mwaka 1812 na mtaalamu wa madini Mjerumani, Friedrich Mohs. Alichukua madini kumi akayapanga kwa kanuni moja: kilicho juu kinamkwaruza aliye chini yake, wa chini hawezi kumkwaruza wa juu. Namba 1 ni talki, ndiyo ile ya poda ya mtoto. Namba 2 ni jasi, kama ile inayochimbwa Itigi. Ukucha wako uko kama 2.5. Sarafu na funguo nyingi ziko maeneo ya 3 na kidogo, na chuma cha kisu kinafika kama 5.5. Kwatzi, yaani kile kijiwe cheupe, ni 7. Rubi na yakuti ni 9; wenyeji wa mkoa wetu wanakumbuka watu walivyomiminika Winza, kule Mpwapwa, mwaka 2008 kuzitafuta. Juu kabisa, namba 10, ni almasi.

Vioo vya simu, hata vya bei kubwa, vimekuwa kwa miaka mingi vikianza kuchukua alama kwenye namba 6 na kupata mifereji ya kina kwenye namba 7. Kwa hiyo ufunguo hauna ubavu, na sarafu vivyo hivyo. Mwenye ubavu ni kwatzi, na kwatzi ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida. Hapa Dodoma tumezungukwa na vilima vya matale, yale mawe makubwa ya graniti, ambayo kwa karne zisizohesabika yamekuwa yakimomonyoka. Graniti ni kwatzi, na feldspa ambayo ni namba 6, na ulanga. Vumbi linaloingia dukani kwangu kila alasiri upepo ukivuma ni mlima uliosagwa. Funguo zilizoko mfukoni zinaonekana, zinalia, ndiyo maana zinashtakiwa. Chenga ya mchanga iliyojificha kwenye mshono wa mfuko hakuna anayeijua.

Nikaenda hatua moja zaidi. Dada yangu alikuwa ametoka Jambiani, Unguja, akaniletea mchanga mweupe kwenye chupa ndogo ya maji, kwa kuwa mimi bahari naiona mara chache. Nikagawa kioo kile cha majaribio mara mbili kwa utepe. Upande mmoja nikaweka mchanga wa hapa, nikaufunika kwa kitambaa, nikasugua kwa kidole gumba mizunguko kumi. Upande wa pili mchanga wa Jambiani, mizunguko kumi ileile. Nikaosha, nikakausha, nikawasha taa.

Upande wa Dodoma ulikuwa umefifia, kama kioo kilichopuliziwa pumzi asubuhi ya baridi, ila pumzi hii haikutoka. Upande wa Jambiani ulikuwa safi.

Nikadondoshea siki kwenye kila mchanga. Wa Jambiani ukachemka, vipovu vikapanda mpaka juu. Wa Dodoma ukakaa kimya. Mchanga ule mweupe wa pwani ya mashariki ya Unguja si mawe yaliyosagwa, ni matumbawe na magamba ya viumbe wa baharini, yaani chokaa, ambayo kwenye ngazi ya Mohs iko kati ya 3 na 4. Haiwezi kioo. Lakini asije mtu akasoma hapa akaenda kuizika simu yake ufukweni! Fukwe za bara, kama Kunduchi kule Dar es Salaam, zinaletewa mchanga na mito kutoka nchi kavu, na huo umejaa kwatzi. Na hata Unguja, chenga moja ngeni inatosha.

Sasa kwa nini niujali mkwaruzo kiasi hiki, wakati simu inawaka na picha zinaonekana? Nenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu umwangalie anavyokata kioo. Hakati. Anachukua kalamu yake yenye kigurudumu kidogo kigumu, anapitisha mara moja kando ya rula, mkwaruzo mwembamba usioonekana vizuri hata kwa macho. Kisha anashika pande mbili, anakunja kidogo, na kioo kinaachia kwenye mstari uleule, tak! Nguvu aliyotumia ni ndogo mno. Bila ule mkwaruzo angehitaji nyundo, na kingevunjika ovyo. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith aliandika sababu yake mwaka 1921: kioo hakivunjiki kwa sababu ni dhaifu chote, kinavunjika kwa sababu kina dosari ndogo ndogo, na nguvu inayokipiga hukusanyika kwenye ncha ya dosari. Simu yenye mkwaruzo wa kukwama ukucha ni kioo ambacho fundi ameshapitisha kalamu yake. Kinasubiri wa kukunja.

Ndiyo maana huwa nakereka nikisikia mtu akisema mikwaruzo ni urembo tu.

Tulipotoka ni mbali. Walioshika Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, wanakumbuka kile kidirisha cha plastiki kilivyokuwa kikipata ukungu wa mikwaruzo baada ya miezi michache. Watu walikuwa wakikisugua kwa dawa ya meno, na kwa plastiki ilikuwa inasaidia kidogo. Hadi leo wapo wanaoniletea simu za kioo walizozipaka dawa ya meno usiku kucha. Kwenye kioo kilichoimarishwa mfereji hautoki kwa dawa ya meno. Unachoondoa ni ule utando laini wa juu unaozuia alama za vidole, halafu kioo kinabaki kinashika mafuta kila ukikigusa. Tafadhali msifanye hivyo.

Iphone ya kwanza ilipotangazwa Januari 2007, uso wake ulikuwa wa plastiki. Simulizi inayojulikana ni kwamba Steve Jobs alitembea nayo mfukoni pamoja na funguo, akaona ilivyochakaa, akataka kioo. Juni mwaka huohuo, siku chache kabla ya kuingia madukani, Apple ikatangaza kwamba plastiki imeondolewa. Kioo kilitoka kwa kampuni ya Corning ya jimbo la New York, ambayo tangu miaka ya 1960 ilikuwa na utaalamu wa kioo cha namna hiyo uliokosa wanunuzi wa kutosha. Jina la sokoni likawa Gorilla Glass.

Namna kinavyotengenezwa inanifurahisha kila ninapoieleza. Kioo kinatumbukizwa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa, moto wa kama nyuzi 400. Mle ndani, chembe za sodiamu zilizoko kwenye ngozi ya kioo zinatoka, na chembe za potasiamu zinaingia kwenye nafasi zilezile. Potasiamu ni kubwa kuliko sodiamu. Fikiria daladala iliyojaa watoto wa shule, wote wanashuka, na kila kiti kinakaliwa na mtu mzima mwenye mwili wake. Viti ni vilevile, lakini sasa wamebanana bega kwa bega. Ngozi ya kioo inakuwa imebanwa hivyo, na ufa ukitaka kufunguka unakuta umekandamizwa pande zote. Ila ngozi hiyo ni nyembamba sana, sehemu ndogo tu ya milimita. Mkwaruzo wa juujuu unabaki ndani yake. Mkwaruzo wa kina unaitoboa.

Na hapo ndipo matangazo yanapowachanganya watu. Ugumu wa kutokwaruzika na uwezo wa kustahimili kuanguka ni vitu viwili. Almasi inakwaruza kila kitu, lakini ipige nyundo uone. Kwa miaka mingi watengenezaji wamekuwa wakivuta upande mmoja na upande wa pili unalegea. Gorilla Glass 3 ya mwaka 2013 ilisifiwa kwa mikwaruzo. Zilizofuata zikasisitiza kuanguka, hadi toleo la Victus la mwaka 2020, ambalo Corning ilidai limeboresha vyote viwili. Ukisoma kwamba simu "inastahimili kuanguka mita mbili", hujaambiwa lolote kuhusu mchanga wa mfukoni.

Mtu ataniuliza, kwa nini wasitumie yakuti, si ni namba 9? Walijaribu. Apple iliingia mkataba na kampuni ya GT Advanced Technologies, wakaanzisha kiwanda Arizona cha kuzalisha yakuti ya kutengenezwa, na Oktoba 2014 kampuni hiyo ikafilisika. Yakuti ni ghali, ni nzito kuliko kioo, inarudisha mwanga zaidi juani. Imebaki kwenye saa na kwenye vioo vidogo vya kamera vya baadhi ya simu.

Neno yakuti linanikumbusha jambo lililoniuma. Duka moja la jumla liliniuzia boksi la protekta zilizoandikwa kwamba ni za yakuti, na nikawauzia wateja kwa bei ya juu kwa kuamini. Mteja wa tatu aliporudi na mikwaruzo, nikachukua moja mpya na kile kijiwe changu cheupe. Ikachanika mara moja. Yakuti halisi kwatzi haiigusi. Niliwatafuta wote watatu nikawarudishia tofauti ya hela yao, na tangu siku hiyo sibandiki kitu nisichokijaribu.

Hiyo "9H" iliyoandikwa karibu kila pakiti nayo inahitaji maelezo, kwa sababu wateja wanaisoma kama 9 ya Mohs, hatua moja chini ya almasi. Siyo. Ni kipimo cha penseli. Unachukua penseli za ugumu tofauti, unazisukuma juu ya uso kwa pembe ya nyuzi 45 na uzito maalumu, unaangalia ipi inaacha alama. Kilitengenezwa kwa ajili ya rangi za kupaka. 9H ndiyo penseli ngumu kuliko zote kwenye seti, na penseli ni grafiti na udongo. Kioo chochote kinaishinda penseli, hata cha dirisha la choo. Na zile 9D, 11D, 21D zinazoandikwa kwenye pakiti hazipimi kitu kabisa.

Sasa protekta yenyewe. Ya kioo ya kawaida ina unene wa kama 0.3 ya milimita, na kwa ugumu haiko juu ya kioo cha simu yako. Mchanga utaikwaruza vilevile. Faida yake ni kwamba inakwaruzwa yenyewe badala ya kioo chako, na kuibadilisha mezani kwangu ni shilingi elfu tano, wakati kioo cha simu za sasa kimegandishwa pamoja na skrini ya ndani, na mara nyingi kubadilisha ni kubadilisha vyote. Yule kijana wa ujenzi alilipa karibu mshahara wa wiki tatu. Hesabu hiyo inanitosha.

Kuhusu kuanguka ninasema kwa tahadhari zaidi. Watu wanakuja na protekta iliyopasuka wakishangilia: imeokoa simu! Inawezekana. Lakini protekta ni nyembamba na mara nyingi ni dhaifu kuliko kioo kilicho chini yake, inaweza kupasuka kwa pigo ambalo kioo chako kisingelihisi. Kwa kuanguka ninaamini zaidi kava lenye kingo zilizoinuka, linalozuia uso wa simu usiguse sakafu, na kona zenye mpira.

Zipo simu ambazo nasita kuzifunika. Galaxy S24 Ultra ya mwaka 2024 ilikuja na kioo kinachopunguza sana kurudisha mwanga, na uzuri wake unauona ukiwa juani. Ukibandika protekta ya kawaida umelipia kitu kisha ukakifunika, kwa sababu sasa jua linagonga protekta. Simu zenye kisoma alama ya kidole chini ya kioo kwa mawimbi ya sauti nazo zinataka uangalifu. Mwaka 2019 Galaxy S10 ilikutwa inafunguka kwa kidole cha mtu yeyote ikiwekwa kwenye baadhi ya makava ya silikoni, mpaka Samsung ikatoa marekebisho ya programu. Protekta za gundi ya UV, yaani gundi ya maji inayogandishwa kwa taa maalumu, zinasaidia kisomaji kufanya kazi, lakini gundi ile hupenya: nimefungua simu zaidi ya moja ambazo imeingia kwenye spika ya juu ikaganda humo. Ukibandikiwa, hakikisha fundi ameziba matundu kwanza.

Simu za kukunja ni habari nyingine kabisa. Uso wake wa juu ni plastiki, ukucha unaweza kuacha alama. Galaxy Fold ya kwanza ilipopelekwa kwa waandishi Aprili 2019, baadhi yao walibandua utando wa juu wakidhani ni protekta ya kiwandani, skrini zikafa. Ukinunua ya kukunja, kilichobandikwa kiwandani usikiguse.

Kwa mtu anayefanya kazi kwenye udongo, ujenzi, bodaboda, shamba, au anayeishi tu penye vumbi kama hapa, jibu langu ni weka, ya kioo, bei ya kawaida, na ibadilishe kona ikimeguka. Anayekaa ofisini yenye sakafu ya vigae na simu yake iko mezani muda wote anaweza kukaa bila protekta na asijute, ila mfuko wake aukague.

Maana kinachoniumiza zaidi ni jinsi tunavyosafisha. Mama mmoja muuza mchele, ninayemheshimu sana, alikuja kubadilisha chaji. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akaishika simu, akaona vumbi, akachukua ncha ya kanga yake akasugua kwa nguvu, mizunguko mitatu, kwa upendo kabisa. Niliisikia ile sauti ndogo. Kanga haikwaruzi kioo, ila chenga iliyoko kati ya kanga na kioo inakwaruza, na kadiri unavyosugua ndivyo unavyosaidia mchanga kufanya kazi. Nikamwomba simu, nikamwonyesha: inamisha, puliza, pitisha brashi laini au pamba bila kukandamiza, chenga zianguke. Ndipo ufute, na kitambaa kiwe na unyevu kidogo. Akasema hakuna aliyewahi kumwambia. Ni kweli, na sisi mafundi ndio tuliopaswa kusema.

Geuza mfuko wa suruali nje ndani mara moja kwa wiki, uone kinachodondoka. Usilaze simu kifudifudi juu ya ukuta au kiti cha pikipiki. Na kioo cha kamera nacho ni kioo. Kikichubuka, taa za usiku zinaanza kutoa mikia kwenye picha na watu wanadhani kamera imeharibika.

Kijana wa ujenzi alirudi baada ya miezi miwili na nusu, akitaka protekta mpya ingawa ile haikuwa imepasuka. Nikaiweka chini ya taa kabla ya kuibandua, nikamwita aje upande wangu wa meza. Ilikuwa imejaa mikwaruzo, miwili kati yake ya kukwama ukucha, mmoja ukiwa karibu mahali palepale pa zamani, kona ya chini kulia. Nikaingiza kadi pembeni, nikainua taratibu, ikatoka nzima. Chini yake kioo kilikuwa kama nilivyokiacha. Aliichukua ile protekta iliyochakaa, akaigeuzageuza kwenye mwanga kwa muda mrefu, akaniuliza kama anaweza kwenda nayo akawaonyeshe wenzake saiti.

Nikamfungia kwenye karatasi.